Picha ya Thelathini na Moja

Mwalimu Masereka tulimzika mwezi uliopita huko Bugoye, kwenye shamba lake la kahawa juu ya bonde la Mubuku, siku ya jua kali isiyo na wingu hata moja juu ya mlima. Baada ya mazishi tulikaa chini ya turubai tukala wali na nyama ya mbuzi, na dada mmoja ambaye siku hizi ndiye msimamizi wa makumbusho ya sanaa ya chuo chetu alikuja na sahani yake akakaa karibu nami. Aliniambia kwamba katika kabati la ofisi amekuta karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa Mwalimu, imebandikwa ndani ya mlango: kadi ya maelezo isitundikwe mpaka aliyeiandika aseme ni nani aliyemwambia. Alitaka kujua maana yake. Nilimwambia kwamba karatasi ile ilibandikwa kwa sababu yangu, mwaka nilipokuwa msaidizi pale, nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Akaacha kula akanitazama. Nikaanza kumsimulia, lakini watu walikuwa wanakuja kutuaga, na habari ikakatika katikati. Ndiyo maana nimekaa kuiandika.

Jengo lenyewe zamani lilikuwa ghala la pamba, pembeni mwa mji wa Kasese, na hata baada ya chuo kulinunua na kulipaka chokaa, siku za joto lilitoa harufu ya magunia. Kulikuwa na ukumbi mmoja mkubwa, ujia mrefu, na chumba kidogo kisicho na dirisha tulichokiita pango. Ofisi ilitengwa na ukumbi kwa ukuta wa mbao nyembamba, kwa hiyo ukikaa ofisini ulisikia kila kitu ambacho wageni walisema mbele ya picha. Sijapata shule nzuri kuliko ule ukuta. Mwalimu alinizuia kutoka kila nilipotaka kwenda kumsahihisha mtu. Alikuwa anamenya yai la kuchemsha, kila saa saba yai moja na ndizi mbili na chai ya tangawizi kutoka chupa yake nyekundu, huku akininyooshea kidole nikae. "Waache, Rozi," alisema. "Wanajifunza kutazama. Wewe ukifika wataanza kukutazama wewe."

Makumbusho yale hayakuwa na vitu vyake vya kudumu. Kila baada ya miezi miwili na nusu hivi tulibadilisha maonyesho, na juma la kubadilisha ndilo nililolipenda kuliko yote. Tulifunga milango, tukashusha kila kitu, tukang'oa misumari, tukaziba matundu kwa chokaa na kupaka ukuta wote rangi nyeupe upya. Wanafunzi walidhani tuko likizo. Kumbe nilikuwa juu ya ngazi toka asubuhi, na Mwalimu chini ameshika pimamaji, ananiambia inua upande wa kushoto, shusha kidogo, hapo. Ilipofika jioni ukumbi ulikuwa mtupu kiasi kwamba ukikohoa unajisikia mara mbili. Nilikulia kambini, kwenye nyumba za askari ambako familia nne hugawana ukuta mmoja na hakuna chumba kisicho na mtu, na sikuwa nimewahi kusimama mahali patupu pakubwa namna ile na kuambiwa tuamue wenyewe nini kiingie.

Maonyesho ya kwanza mwaka ule yalikuwa ya picha za rangi za mlima, kazi ya mhadhiri mmoja. Watu wa mjini waliingia, wakatazama, wakatoka nje kuutazama mlima wenyewe, wakarudi ndani kumkosoa. Ya pili yalikuwa ya vikapu vya akina mama wa Kitswamba. Siku ya ufunguzi wenye vikapu walivishusha kutoka ukutani, wakavigeuza chini juu kukagua mishono ya wenzao, wakacheka na kubishana, na mimi nikamkimbilia Mwalimu nikidhani atakasirika. Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Alisema hayo ndiyo maonyesho, kuning'iniza ni maandalizi tu. Lakini juma lilelile nilisikia kupitia ule ukuta wa mbao mkuu wa kitivo akimwambia kwamba chuo kina upungufu wa madarasa, na kwamba ukumbi ule ungetosha wanafunzi mia mbili. "Nionyeshe kwamba watu wanakuja," mkuu alisema. "Sio wasusi wa vikapu. Watu." Mwalimu alimjibu kwa upole kwamba maonyesho yajayo yatajaza ukumbi, na mimi niliyekuwa nimeshika kikapu mkononi nikaapa moyoni kwamba nitahakikisha yanajaa.

Maonyesho yajayo yalikuwa ya Papa Paluku. Huyu alikuwa mpiga picha, mzee aliyevuka kutoka upande wa Kongo akiwa kijana na kufungua studio Bwera, kwenye barabara iendayo mpakani. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa amepiga picha za watu: wachuuzi, walimu, askari, maharusi, watoto wa kubatizwa. Wengi walichukua picha zao. Wengine hawakurudi, na picha zao Papa Paluku alizitunza kwenye makopo ya biskuti, yamepangwa ukutani mwa studio mpaka karibu na dari. Mwalimu alinituma nikakae Bwera majuma matatu nichague picha arobaini. Nililala kwa mke wake, Mama Kavira, kwenye chumba kilichopakana na jiko, na mchana nilikaa sakafuni studio nikifungua kopo baada ya kopo. Nyuma yangu kulikuwa na pazia lililochorwa ziwa na ngazi za ndege pamoja, ili mteja achague mwenyewe anataka kuwa wapi. Mvua ilinyesha kila alasiri. Tulikula bundu, ugali ule wa muhogo, na sombe, kisamvu kilichotwangwa vizuri, na samaki wa chumvi, na Mama Kavira aliniongezea bila kuniuliza, akisema chuo kimenikausha.

Siku moja nikiwa nimejilaza baada ya chakula niliwasikia wakizungumza jikoni. "Hawa batu beko na benyewe, Papa," Mama Kavira alisema. "Unabapeleka Kasese kubafanyia nini?" Kijiko kilikwangua sufuria. "Ni bao balinisahau," mzee alijibu. "Miye sikubasahau. Acha baonekane kidogo." Mama Kavira akasema, "Kuonekana ni kitu ya kuombwa." Kisha wakahamia kwenye habari ya paa linalovuja. Nililichukulia kuwa ni neno la mama wa nyumbani asiyejua sanaa. Nilikuwa na shahada, unajua, mpya kabisa, na nilikuwa na deni kwa ukumbi ule mtupu.

Picha niliyoipa namba thelathini na moja niliikuta kwenye kopo la tisa. Askari kijana ameketi kitini amevaa sare, kofia ameiweka gotini, anatazama mbele kwa uso wa mtu anayejaribu kutocheka. Nyuma yake amesimama msichana mwenye kitambaa kichwani, mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti. Hatazami kamera. Macho ameyashusha, upande wa kushoto, chini, na midomo imebanwa. Nilimwonyesha Papa Paluku, ambaye wakati huo alikuwa anamnyoosha kola mteja mbele ya pazia. "Huyu? Soda mumoja, na bibi. Jina sijui," alisema; soda kwake ni askari. Nikamuuliza, "Walikuja pamoja?" Akasema, "Balikuya pamoja, ndiyo," akarudi kwa mteja wake. Hilo lilinitosha. Niliporudi Kasese niliandika kadi zote arobaini kwa siku mbili, na nyingi zilisema tu mahali na kazi ya mtu kama tulivyokisia. Lakini ile ya thelathini na moja niliandika hivi, na bado naikumbuka neno kwa neno: Wachumba, Bwera. Haya ya mapenzi mapya inamfanya msichana ashindwe kuinua macho. Mwalimu aliisoma akaniuliza kama mzee ndiye aliyesema hivyo. Nikajibu ndiyo. Sikuhisi kwamba nasema uongo, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi nikikumbuka.

Ukumbi ulijaa kweli. Watu walikuja kutoka Bwera na Maliba, wanafunzi wa sekondari kwa makundi, wake wa askari kutoka kambini na watoto mgongoni. Walitafuta sura wanazozijua. Mzee mmoja alijikuta mwenyewe akiwa na nywele nyingi, akakaa sakafuni. Mkuu wa kitivo alikuja mara mbili na wageni wake. Na kati ya picha zote ile iliyosimamisha watu ilikuwa thelathini na moja. Nikiwa ofisini niliwasikia wasichana wakisoma kadi yangu kwa sauti, kisha mmoja akasema, "Maskini, anampenda." Nilijisikia kama mtu aliyeandika kitabu.

Juma la tano, siku ya Jumanne asubuhi, kabla watu hawajaanza kuja, aliingia mama mmoja wa makamo ya miaka thelathini na kitu, amevaa gauni la kanisani na viatu vilivyofutwa vumbi mlangoni. Alinisalimia kwa Kikonzo, lugha ya pale mlimani, akaona Kikonzo changu ni cha barabarani, akahamia Kiswahili. Hakuuliza picha iko wapi. Alipita moja kwa moja mpaka namba thelathini na moja akasimama, mkoba ameushika kwa mikono miwili. Nilimletea kiti. Alikaa. Sijui alikaa muda gani, lakini nilikuwa nimemaliza kufagia ujia wote aliponiita.

"Binti, haya maneno hapa chini ameandika nani?"

"Mimi, mama."

"Nani alikuambia sisi ni wachumba?"

Ndipo nilipomtazama usoni, nikaitazama picha, nikaona macho ni yale yale. Nikasema, "Hakuna aliyeniambia."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetegemea hilo. Jina lake lilikuwa Mbambu. Alikuwa mkulima wa Maliba, ameolewa, ana watoto watano, na alikuwa akiongoza sauti ya pili kwenye kwaya ya akina mama. Msichana mmoja wa sekondari aliyeletwa na shule yake alikuwa amemtambua, akarudi nyumbani na kusimulia alichosoma. Mume wake alikuwa amemwoa akiamini, kama alivyomwambia, kwamba hakuwahi kuwa na mwanaume mwingine. Sasa lilikuwa juma la pili mume hasemi naye. Chakula alikuwa anakula kwa kaka yake. Kiongozi wa kwaya alimwomba akae benchi ya nyuma kwanza, mpaka mambo yaeleweke. "Sijaja kugombana," alisema. "Nimekuja kuona kama ni mimi kweli. Ni mimi. Lakini yule askari sikumjua hata jina. Nilikuwa nauza matunda. Aliniomba nisimame naye."

Alinieleza kwa sentensi chache. Askari yule alikuwa ametoka kaskazini, na mama yake alikuwa mgonjwa na amemwandikia barua kwamba hatakufa kwa amani bila kuona mwanawe amepata mke. Alitaka picha ya kumtumia. Alimwendea msichana wa kwanza aliyemwona na uso mzuri. Alimwomba jina lake, ili mama akiuliza asidanganye yote. Mbambu alikataa, akaombwa tena, akakubali kwa sababu ya yule mama mgonjwa. Ilichukua dakika tano. "Nikasahau," alisema. "Hata mume wangu sikumwambia, si kwa kuficha. Ni kitu cha kusimulia hicho?"

Nilipomweleza Mwalimu alikuwa anapasua yai lake. Aliliweka chini. Alikwenda ukumbini, akaibandua kadi yangu kwa ukucha taratibu ili isiharibu rangi, akaja kuiweka mezani mbele yangu. Sijawahi kumwona amekasirika, na siku ile pia hakukasirika, ila chai yake aliiacha ikapoa. "Uliniambia mzee amesema," alisema mwishowe. Nikasema, "Nilikisia, Mwalimu." Akasema, "Basi nenda Bwera ukaulize ulichopaswa kuuliza. Halafu nenda Maliba." Nikamwomba twende wote. Akatikisa kichwa. "Tukienda wote watanisikiliza mimi. Na mimi sikuandika kitu." Aliishusha picha mwenyewe, akaifunga kwenye kitambaa cha pamba tulichotumia kwa vitu vya thamani, akanipa.

Papa Paluku aliishika picha karibu na dirisha. Mara hii hakukuwa na mteja. Aliikumbuka mara moja nilipotaja mama mgonjwa, akaanza kucheka kidogo kidogo mabega yakitikisika. "Ule mutoto mwanamuke aliogopa hata kugusa soda," alisema. "Nilimuambia weka mukono kwa bega. Akasema hapana, nitaweka kwa kiti." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia hayo. Alinitazama bila ubaya. "Uliniuliza kama balikuya pamoja. Balikuya pamoja. Kwa nini balikuya, hukuuliza." Kisha akanionyesha kwa ukucha wake mrefu pembe ya chini ya picha, kushoto, mahali ambapo fremu yetu ilikuwa imefunika nusu. Kulikuwa na ukingo wa beseni. Beseni la bati lililopakwa maua, na juu yake fungu la matunda ya pasheni. Nilikuwa nimeitazama picha ile kwa miezi miwili, nimeikatia kioo, nimeiweka kwenye fremu, nimeipima, nimeitundika. Sikuwa nimeliona. Msichana yule hakuwa ameshusha macho kwa haya. Alikuwa anachunga matunda yake. Mama Kavira alikuja na kikombe cha kahawa akakiweka mbele yangu, na nilishukuru kwamba hakusema, ingawa haki ya kusema alikuwa nayo.

Kwenda Maliba nilipanda kwa miguu sehemu ya mwisho, picha imebanwa kifuani. Nimefanya mambo mengi tangu hapo, nimesimama mbele ya watu wakubwa na kusoma hotuba, lakini hakuna njia iliyokuwa ndefu kama ile. Nyumba yao ilikuwa ya matofali, yenye vitambaa vyeupe vilivyoshonwa juu ya viti na kalenda tatu za miaka iliyopita ukutani. Mume, Mzee Bwambale, alikuwa mwanaume mwembamba mwenye sauti ndogo. Aliwaita mzee mmoja wa kanisa na kiongozi wa kwaya, mama mnene aliyekaa na mikono ameikunja, na Mama Mbambu mwenyewe alikaa kwenye mkeka karibu na mlango. Hakuna aliyenipa maji. Nilisimama nikasema jina langu na kazi yangu, nikasema kwamba maneno yale niliyatunga. Nilisema kwa Kiswahili, na pale ambapo nilihofia hawajanielewa nikarudia kwa Kikonzo changu kibovu. Niliwaeleza aliyonisimulia Papa Paluku. Nilipomaliza, Mzee Bwambale aliuliza swali moja.

"Huko chuo kikuu mnafundishwa kuandika msichokijua?"

"Hapana, mzee."

"Basi ulitoa wapi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nilitaka picha ipendeze watu. Kwamba nilikulia kambini, na nikimwona askari na msichana kichwa changu hukimbilia huko huko kwenye uchumba. Alinisikiliza akitazama sakafu. Yule mzee wa kanisa alikohoa akasema kwamba maneno ya mpiga picha ni maneno tu, mtu anaweza kusema lolote. Ndipo nilipofungua kitambaa, nikaitoa picha kwenye fremu yake ionekane yote, nikaiweka juu ya meza. Wanaume waliinama. Kiongozi wa kwaya hakuwa na haraka. Alitoa miwani yake kwenye pochi, akaipangusa, akainama, na kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye pembe ya chini.

"Hili beseni nalijua," alisema.

Watu wakamtazama.

"La mama yake Mbambu. La maua mekundu. Tulikuwa tunashuka wote Bwera kuuza pasheni, mimi na yeye, kila siku ya soko. Mama yake alituambia beseni likipotea tusirudi nyumbani." Alivua miwani, akamgeukia Mama Mbambu kule mkekani, na sauti yake ikashuka. "Siku ile nilikwenda kununua chumvi nikakuacha na beseni. Niliporudi ukaniambia umepigwa picha. Nilidhani unatania. Nimekaa na hilo jambo kichwani miaka yote hii na sikulikumbuka nilipokuhamisha benchi."

Mama Mbambu alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Mzee Bwambale aliichukua picha akaenda nayo mlangoni penye mwanga. Alikaa huko muda mrefu, mgongo umetugeukia. Aliporudi aliiweka mezani kwa uangalifu, akaniuliza kama yule mama wa kaskazini aliipata picha. Nikasema haikuchukuliwa, Papa Paluku anakumbuka kwamba kikosi kilihamishwa ghafla. "Kwa hiyo alisimama bure," alisema. Kisha akamwambia mke wake, kwa sauti ileile ndogo, "Mpe huyu mtoto chakula. Na mimi nitakula." Mama Mbambu aliinuka. Tulikula ndizi na maharage na mboga ya maboga, wote meza moja, na mzee wa kanisa akazungumzia bei ya kahawa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na nilimpenda kwa hilo.

Picha ilirudi ukutani kwenye fremu kubwa zaidi. Kadi mpya Mama Mbambu alinitajia maneno yake na mimi nikaandika: Mbambu wa Maliba, muuza matunda, na askari aliyemwomba asimame naye kwa ajili ya mama mgonjwa. Beseni ni la mama yake Mbambu. Nilidhani watu hawatasimama tena hapo. Walisimama zaidi. Nikiwa ofisini nilisikia wakitafutana, "Beseni liko wapi? Hili hapa," na Mwalimu akaendelea kumenya yai lake. Kwaya ya akina mama wa Maliba ilikuja nzima siku ya mwisho, na Mzee Bwambale alisimama karibu na picha ile akiwaeleza wageni wasiomjua habari yote tangu mwanzo, kana kwamba alikuwepo. Tulipofunga, Papa Paluku alituma neno kwamba picha hiyo apewe Mama Mbambu. Lakini yeye alikataa. Alisema ni ya askari, ikae makumbusho, pengine siku moja atapita.

Nilijua hatapita. Tukaziba matundu, tukapaka rangi, tukatundika vitenge vya zamani kutoka nyumba mbalimbali za Busongora, ukumbi mzima ukawa kama bustani. Ila katika juma la mwisho la maonyesho ya Papa Paluku sajini mmoja wa kambini alikuwa ameitazama picha ile kwa muda, akaniambia ile sura anaijua, walikuwa mafunzoni pamoja, na kwamba jina ni Okello. Nikamwomba ampelekee habari. Sikusikia kitu kwa miezi miwili. Halafu asubuhi moja nikiwa napanga viti aliingia mwanaume mrefu mwenye mvi chache, amevaa koti la raia lakini anatembea kama yuko kwenye gwaride. Alisimama katikati ya vitenge, akageuka pande zote.

"Madamu, mimi natafuta picha yangu," alisema. "Wamesema iko hapa."

"Afande Okello?"

"Afande hapana. Nilitoka jeshi. Okello tu."

Nilimtolea kutoka kabatini. Aliishika pembeni kwa ncha za vidole, namna watu wanavyoshika picha wakiogopa kuichafua, akaketi. Nilimsimulia yote, na kosa langu pia. Alicheka mahali ambapo Papa Paluku alicheka. Nilipomuuliza kuhusu mama yake nilijiandaa kwa habari ya msiba, lakini alisema mama yupo, alipona, sasa ni mzee sana na mkali. "Sisi walituhamisha kesho yake, mimi sikuchukua picha. Nikaandika barua tu. Nikaandika, mama, mimi nimepata msichana, jina lake Mbambu, picha inakuja. Mama akaanza kuombea hiyo jina kila siku. Baadaye mimi nikaoa mwingine, huko kwetu. Mama akauliza, na Mbambu? Nikaona haya kumwambia. Bibi yangu akazaa msichana wa kwanza. Mama akasema, huyo ndiye Mbambu, mimi nimemuombea muda mrefu." Alinitazama kama anayesubiri nimhukumu. "Sasa iko na miaka kumi na moja. Wenzake shuleni wanamuuliza hiyo jina ni ya wapi."

Nilimpa picha. Siku iliyofuata nilipanda tena Maliba, safari hii bila kitu mikononi, nikawakuta Mzee Bwambale na mke wake uani wanachambua maharage yaliyokaushwa kwenye jamvi. Niliwaeleza nikiwa bado nimesimama. Kwa Wakonzo jina hupewa mtoto kufuata mpangilio wa kuzaliwa, na Mbambu ni jina la binti wa nne. Mzee Bwambale aliniuliza kwanza jambo hilo. "Huyo mtoto ni binti wa nne?" Nikamwambia ni wa kwanza. Alicheka mpaka akaweka ungo chini, mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka. "Mwambie huyo askari wamehesabu vibaya," alisema. Mama Mbambu hakucheka. Aliacha kuchambua akataka kujua mtoto ni mrefu kiasi gani. Nikamwambia baba yake alinionyesha kwa mkono, amemfika kifuani. Akainuka kutoka kwenye jamvi, akapangusa maganda kwenye kitenge, akanyoosha kiganja hewani mbele ya kifua chake mwenyewe.

"Hapa?"

"Juu kidogo, mama. Hapo."

Akaushikilia mkono pale kwa muda, akipatazama mahali palipokuwa chini ya kiganja, kisha akakaa na kuendelea na maharage.